Shajara ya mradi: mkanda wa kupandishia mwani mkavu, ghala la Wete, Pemba

Kazi ya mkanda huu ni kuchukua mwani uliokwisha kuchambuliwa na kukung'utwa mchanga, kuupandisha hadi mdomo wa mashine ya kushindilia marobota. Mdomo huo uko mita 2.2 kutoka sakafuni. Mpaka tunaanza, mwani ulikuwa unapandishwa kwa mapolo begani juu ya ngazi ya mbao. Mashine inamaliza robota la kilo 80 kwa dakika 6, halafu inakaa kusubiri watu wapande ngazi.

Wiki ya 1: kupima mwani kabla ya kuchora

Pipa la lita 200 lilijazwa spinosum (aina ya mwani) kavu bila kushindiliwa, likatoa kilo 22. Hiyo ni kilo 110 kwa mita moja ya ujazo. Kotonii, aina nyingine ya mwani, ni nzito zaidi, lakini inayofika ghalani ni kidogo kwa sababu haivumilii maji ya joto, na hata hivyo hesabu ya mkanda hufanywa kwa kitu chepesi, maana ndicho kinachotaka nafasi kubwa. Marobota 10 kwa saa ni kilo 800, yaani mita za ujazo 7.3 kwa saa. Kwa sekunde moja ni lita 2.

Baada ya hapo tulihesabu uzito utakaokuwa juu ya mkanda kwa wakati mmoja. Hata mkanda ukijaa kupita kiasi, haufiki kilo 14. Mtoto wa skuli anaubeba mzigo huo. Kwa hiyo majedwali yote ya wauzaji yanayopanga mikanda kwa nguvu ya kuvuta hayatusaidii kuchagua, kwa kuwa mkanda dhaifu kuliko yote unatosha mara kadhaa.

Kitakachoua mkanda huu tulikiona kwenye karatasi nyeupe. Konzi moja ya mwani ilikung'utwa juu yake, ikaacha punje za chumvi zinazonata kidoleni, mchanga wa matumbawe wenye ncha, vipande vya kaa na kombe, na taitai moja ya urefu wa kiganja, fundo lake bado limefungwa. Taitai ni zile kamba nyembamba za plastiki za kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba kubwa shambani. Mvunaji akiwa na haraka ya maji kujaa, huvuta mwani na taitai zake. Chumvi hula chuma, mchanga husaga kila kinachosuguana, na taitai hujizonga kwenye kila kinachozunguka. Maamuzi yote yanayofuata yametokana na vitu hivi vitatu.

Wiki ya 2: umbo na vipimo vikuu

Mkanda laini usio na kitu juu yake hupandisha vizuri mpaka nyuzi 15 au 20, ukizidi hapo mwani unajiviringa kurudi chini. Kwa nafasi tuliyonayo pembe ni nyuzi 30, kwa hiyo lazima mkanda uwe na vikingo, yaani vibao vya plastiki vilivyosimama juu yake kuukinga mwani usirudi.

Kulikuwa na rai ya kutengeneza mkanda wenye kiwiko: ulale kwanza mita 1 chini ya meza, kisha upinde na kupanda. Ni umbo zuri la kulisha, lakini pale kwenye kiwiko mkanda hutaka kunyanyuka, na kuushikilia chini kunahitaji magurudumu madogo kila upande. Magurudumu hayo hukaa pale pale mchanga unapojikusanya, na beringi zake ndogo hazitamaliza msimu. Tumekataa. Mkanda unapanda moja kwa moja na meza ya kuchambulia imeinuliwa kwa miguu ya mm 250 ili mwani udondoke kwenye kihori cha chini.

Mkanda unazungushwa juu ya ngoma mbili, mitungi ya chuma iliyo kila ncha. Umbali kati ya katikati ya ngoma ya chini na katikati ya ngoma ya juu: mm 4,200. Kwa nyuzi 30 hiyo inapanda mita 2.1, na kwa kuwa ngoma ya chini iko mita 0.5 juu ya sakafu, ngoma ya juu iko mita 2.6. Inabaki nafasi ya bati la kumiminia lenye mteremko wa nyuzi 55 hadi mdomo wa mashine. Chini ya nyuzi 50 mwani wa asubuhi, ambao umevuta unyevu wa usiku, unakaa pale pale haushuki.

Upana wa mkanda ni mm 600. Vikingo vina upana wa mm 480, vimewekwa katikati, kwa hiyo kila ukingo umebaki na mm 60 mitupu. Nafasi hiyo isiachwe kwa bahati, maana upande wa kurudi vikingo vinaning'inia chini na hakuna rola iliyonyooka inayoweza kupita chini yake. Mkanda unarudi ukiwa umeegemea kingo zake mbili tu, juu ya vipande vya plastiki vyenye upana wa mm 45.

Kimo cha kikingo ni mm 60. Kati ya kikingo na kikingo ni mm 295, na mfuko huo ukijaa kamili unachukua lita 8.5. Tukiuhesabu nusu, ni lita 4.2. Mahitaji ni lita 2 kwa sekunde, maana yake mfuko mmoja kila sekunde mbili, na mwendo ni mita 0.14 kwa sekunde. Tumepanga 0.21 ili pawe na ziada. Zaidi ya hapo hakuna faida. Mkanda ukienda mbio, mwani mwepesi haukai kwenye mfuko, unarukaruka.

Wiki ya 3: karatasi ya oda

Karakana inayokata na kuunga mikanda iko Dar es Salaam, na kitu kikikosewa kinarudi kwa boti mpaka Unguja na kuvuka tena. Kwa hiyo oda imeandikwa kila jambo, hata yale wanayodhani wanayajua.

Malighafi ya mkanda: PVC, tabaka mbili za kitambaa, unene mm 3, uso wa juu laini, rangi ya buluu. Tulifikiria pia poliyurethani, plastiki ya aina nyingine. Inavumilia mchanga vizuri zaidi, lakini bei yake ni kubwa na kuibandika upya kunataka mashine ya joto ambayo haipo kisiwani. PVC inaweza kubandikwa viraka kwa hewa ya moto hapa hapa. Buluu ni kwa sababu mwani ni wa kijani, wa kahawia au wa zambarau, na kipande cha plastiki cha buluu kikivunjika kinaonekana kabla hakijaingia robotani. Mkanda wa kijani tuliopewa bei nafuu ungeficha vipande vyake ndani ya mwani.

Kingo zilizofungwa. Mkanda ukikatwa kawaida, nyuzi za kitambaa zinabaki wazi ubavuni. Maji ya chumvi yanapanda humo, nyuzi zinafumuka na kujizonga na taitai. Kufunga kingo kwa plastiki iliyoyeyushwa kunaongeza gharama kidogo na ni katika vitu vya mwanzo vya kulipia.

Ambavyo hatukulipia: kuvumilia mafuta, kuvumilia joto, na kuzuia umeme tuli. Muuzaji huvitaja vyote kwa pamoja kama sifa za daraja la juu, lakini mwani hauna mafuta, hautoki tanurini, na vumbi lake ni chumvi.

Vikingo: vimenyooka wima, si vya kupinda kama kijiko. Kijiko kinabeba zaidi ila kinapofika juu hakiachi, hasa mwani ukiwa na unyevu. Vibandikwe kwa joto, visibandikwe kwa gundi.

Muongozo wa chini: hapana. Kuna mikanda inayobandikwa utepe wa mpira upande wa ndani, ukapita kwenye mfereji uliochongwa katikati ya ngoma ili mkanda usikimbie upande. Kwa nafaka safi ni kitu kizuri. Kwa mchanga wa pwani mfereji unajaa, unashindiliwa mpaka unakuwa mgumu kama saruji, utepe unapanda juu yake na mkanda unahama kabisa. Tutauongoza kwa umbo la ngoma na skurubu.

Kiungo: cha vibanio vya stenlesi 316 (daraja la stenlesi linalovumilia chumvi) na pini ya waya uliovikwa nailoni. Kiungo cha meno yaliyoyeyushwa pamoja ni imara na laini zaidi, lakini mkanda usiofunguka hauwezi kutolewa bila kubomoa fremu, na mkanda huu utatolewa kila mwezi kuoshwa kwa maji baridi. Nguvu inayovuta ni ndogo mno, kibanio kinatosha.

Urefu: mara mbili ya 4,200, jumlisha mzunguko wa ngoma. Ngoma ina kipenyo cha mm 140, ongeza unene wa mkanda mm 3, mzunguko ni mm 449. Jumla mm 8,849, tumeandika 8,850. Ukigawa kwa 295 unapata vikingo 30 kamili. Huo ndio msingi wa ile 295: nafasi ya vikingo lazima igawe urefu wa mkanda bila baki.

Wiki ya 4 na ya 5: fremu

Stenlesi yote ingekuwa raha, ila bei haikuruhusu. Vinavyogusa mwani (kihori, mbavu za pembeni, bati la kumiminia) ni stenlesi 316. Tulishawishiwa kununua daraja la 304 kwa kuwa kwa macho ni sawa. Si sawa: 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi kutoboa vitundu. Kwenye chumvi kavu inayolowa kila usiku, 304 huanza madoa ya rangi ya chai, kisha vitundu.

Fremu ni chuma cha kawaida chenye umbo la U, mm 100 kwa 50, kilichokatwa na kutobolewa matundu yote kwanza, ndipo kikazamishwa kwenye zinki ya moto. Inafungwa kwa bolti, haichomelewi. Ukichomelea baada ya zinki, unaunguza kinga pale pale penye mshono, na kutu inaanzia hapo. Bomba la mraba tumeliepuka kwa makusudi, kwa sababu linashika maji ndani na kuoza kuanzia tumboni huku nje likiwa zima. Penye miguu, ambapo hapakuwa na njia nyingine, limetobolewa tundu la mm 10 chini kabisa.

Pale stenlesi inapokutana na zinki kuna washa (pete bapa) na mkono (kibomba kinachovikwa bolti) vya nailoni kwenye kila bolti. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye chumvi, ile dhaifu inaliwa mbio.

Kosa la wiki ya 5: mbavu za stenlesi zilianza vidoti vya kutu siku ya tatu, kabla hata hazijagusa mwani. Sababu ni diski ya grainda. Ilikuwa imetumika kwenye chuma cha kawaida asubuhi, mchana ikasugua mshono wa stenlesi na kupandikiza vumbi la chuma juu yake. Tumesafisha kwa dawa ya tindikali ya kusafishia mishono, tukaosha sana kwa maji baridi. Sasa kuna diski na brashi za stenlesi peke yake, zimepakwa rangi nyekundu na zinawekwa kwenye ndoo yake.

Kunyoosha fremu: upana wa ndani mm 700, urefu kati ya ekseli 4,200, kwa hiyo pembe kwa pembe inatakiwa mm 4,258. Ya kwanza ilitoka 4,261 na ya pili 4,255. Tofauti ya mm 6 ni kubwa. Tulilegeza bolti, tukavuta kwa winchi ya mkono, tukakaza zote zikiwa 4,258 na 4,257. Fremu isipokuwa sawa hakuna skurubu ya kuongozea mkanda itakayosaidia baadaye.

Wiki ya 6: ngoma, kitanda, mota

Ngoma ya juu, ya kuvuta: bomba la mm 127, unene mm 5, limekerezwa ili katikati pawe pakubwa kuliko ncha kwa mm 1 ya kipenyo. Mkanda hupanda kuelekea penye kipenyo kikubwa, kwa hiyo tumbo hilo dogo ndilo linaloushika katikati. Juu yake mpira wa mm 6, ikafika mm 140 pamoja na gundi. Bila mpira, ngoma tupu yenye unyevu inateleza.

Ngoma ya chini si bomba. Ni kizimba: mapanga 10 ya chuma bapa yaliyosimama kuzunguka shafti, na juu yake utepe wa bapa wa mm 40 umezungushwa kama nyuzi za skurubu, kushoto na kulia, kuanzia katikati. Mchanga ukianguka ndani ya mkanda unapita kati ya mapanga na kutoka pembeni. Bila ule utepe, mapanga yangeupiga mkanda kila unapopita na kuuharibu kiungo. Kabla ya kizimba kuna kifagio cha mpira chenye umbo la V kinachosukuma mchanga nje ya uso wa ndani. Ngoma nzima badala ya kizimba ingekusanya tabaka la mchanga na chumvi upande mmoja, ikawa kama ina tumbo mahali pasipotakiwa, na mkanda ungekimbilia huko.

Shafti ni mm 30, imepunguzwa hadi 25 mahali pa giaboksi. Beringi zina nyumba za plastiki na vifuniko vya ncha. Ufunguo wa shafti, yaani kipande cha chuma kinachoifunga na giaboksi zizunguke pamoja, ni mm 8 kwa 7.

Kitanda cha kubebea mkanda si bati zima. Ni vipande 5 virefu vya plastiki nyeupe ngumu ya polithini, upana mm 50 na unene mm 10, vikiwa na nafasi kati yao ili mchanga udondoke. Bati zima lingegeuka msasa.

Mota: nguvu yote inayohitajika, kuinua, msuguano wa kitanda, mbavu na kifagio, ni kama niutoni 240, na kwa mwendo wa 0.21 ni wati 50 tu. Giaboksi ya skurubu ya 50 kwa 1 (mota ikizunguka mara 50, ngoma inazunguka mara moja) inapoteza zaidi ya theluthi. Tumechukua kilowati 0.37, mizunguko 1,400, ngoma inazunguka mara 28 kwa dakika. Palikuwa na mota ya kilowati 1.5 ya bure ghalani, na kila aliyepita aliuliza kwa nini haitumiki. Mota kubwa haisikii kitu kikikwama. Inang'oa vikingo kwanza, ndipo fyuzi ikatike, na mkono wa mtu ukinaswa ni hivyo hivyo.

Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ila ghala hili lina fezi moja. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme, inapokea volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230, kwa hiyo mota ya 230/400 lazima ifungwe delta, yaani koili zake tatu ziungwe kama pembetatu. Ilikuja imefungwa nyota kutoka dukani, yaani koili zote zimekutanishwa ncha moja. Ukiiacha nyota inazunguka vizuri mkanda ukiwa mtupu, kisha inakufa nguvu ukiweka mwani, kwa sababu inabaki na theluthi moja tu ya nguvu yake ya kuzungusha.

Wiki ya 7: mkanda umefika

Rangi sawa, kingo sawa, kiungo sawa. Vikingo vimewekwa kila mm 300, na nafasi ya mwisho imebaki mm 150. Kwenye oda tuliandika 295, lakini kwenye mchoro uliobandikwa nyuma yake palibaki neno la zamani, "kama 300", na karakana ilifuata mchoro. Lawama ni ya mchoro. Karatasi mbili zikipishana, fundi atafuata yenye picha.

Kuurudisha ni wiki tatu. Badala yake kikingo kimoja kilicho jirani na nafasi fupi kimekatwa kwa kisu kikali, kikaachwa mzizi wa mm 2, kisha mzizi ukasuguliwa kwa msasa. Usijaribu kukitoa mpaka chini, utakwenda na tabaka la juu la mkanda. Sasa kuna nafasi moja ya mm 450 yenye kiungo katikati yake. Tumepoteza mfuko mmoja katika thelathini, na ziada ya mwendo inafidia.

Ncha za mkanda zilikaguliwa kama zimekatwa mraba. Usipime kutoka ukingo mmoja, kwa sababu ukingo wenyewe unaweza kuwa umepinda. Tia alama katikati ya upana mahali patatu, unganisha mstari, ndipo uweke pembe mraba kwenye mstari huo.

Kukaza: mkanda ukiwa umelegea, alama mbili ziliwekwa mm 1,000 kutoka moja hadi nyingine. Skurubu za chini zikakazwa sawa kwa sawa mpaka alama zikafika mm 1,004. Hiyo ni asilimia 0.4. Kwa mkanda wote ni mm 35, na ngoma ya chini imesogea mm 18.

Wiki ya 8: kuongoza mkanda, na kinga

Mkanda ulikimbilia kulia kwa mm 20 katika mizunguko mitatu. Kanuni ni moja: mkanda huenda upande wa rola unaougusa kwanza. Kaza kidogo upande ule unaokimbilia, robo mzunguko wa nati tu, kisha uache mkanda uzunguke mara tano kabla ya kugusa tena. Mzunguko mmoja wa mkanda ni sekunde 42, kwa hiyo kila rekebisho linataka dakika tatu na nusu za kutazama. Ilichukua saa mbili. Asiye na subira hukaza huku, akakaza kule, na jioni mkanda umevutika kupita kiasi huku bado unakimbia.

Kinga haikuachwa mwisho kwa sababu ya udogo wake. Wanaochambua mwani wengi ni kina mama, na mtandio au pindo la baibui likiingia kwenye ngoma, ile kilowati 0.37 inatosha kabisa kumvuta mtu. Ngoma zote mbili zimefunikwa wavu wa matundu ya mm 10 uliofungwa kwa bolti, hautoki kwa mkono. Kamba ya kusimamishia mashine inapita urefu wote, pande zote mbili, kwenye kimo cha kiuno. Swichi kuu inafungika kwa kufuli, na anayesafisha hukaa na ufunguo mfukoni. Giaboksi ya skurubu kwa kawaida huzuia mkanda kurudi nyuma, lakini usiitegemee ukiwa umeingiza mkono.

Wiki ya 9: mwani wa kweli

Siku ya kwanza, kilo 300. Yaliyotokea, kwa mpangilio wa ubaya:

Taitai zilinasa kwenye vibanio vya kiungo. Baada ya saa moja palikuwa na kishungi cha kamba na mwani kinachozunguka na mkanda na kupiga kifagio kila sekunde 42. Kina mama wa meza walikuwa wameshatuonya kuhusu kamba hizo. Dawa yake: ulimi wa PVC ya mkanda ule ule, urefu mm 90, umebandikwa kwa hewa ya moto upande wa mbele wa kiungo tu, ukalala kufunika vibanio kuelekea nyuma. Ukibandikwa kinyume, kila kitu kinachoburutwa kinaufunua. Tangu hapo kiungo kimebaki safi.

Saa 7 mchana mkanda ulianza kulia na kupiga mawimbi. Bati la paa lilikuwa limepasha ghala, na vipande vya kitanda vilikuwa vimebinuka. Plastiki hiyo hurefuka kama mm 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha mita 2 kikipanda nyuzi 15 kinaongezeka mm 6. Vilikuwa vimefungwa bolti ncha zote mbili. Sasa vinashikwa imara ncha ya chini peke yake, matundu mengine yamerefushwa kuwa ya mm 8 kwa 20, na kati ya kipande na kipande pameachwa mm 8. Vichwa vya bolti vimezama mm 3 chini ya uso.

Mwani ulijibana kati ya mbavu na mkanda. Nafasi ilikuwa sawa toka chini hadi juu, mm 6. Inatakiwa ifunguke kadiri mkanda unavyokwenda: mm 5 chini, 10 juu. Kinachoingia kinapata nafasi ya kutoka badala ya kujikaza.

Asubuhi yenye unyevu mwani haukuachia vikingo juu, ukarudi nao na kudondoka sakafuni nusu ya njia. Chini kidogo ya ngoma ya juu, upande wa ndani wa mkanda unaorudi, tumeweka rola yenye bapa mbili zinazougonga mkanda kwa mgongo. Sehemu kubwa inaanguka ndani ya bati. Kinachobaki kinapokewa na sinia. Turubai juu ya rundo usiku imesaidia kuliko rola yenyewe.

Wiki ya 10

Mapolo yaliyopimwa kwa saa moja ya kazi ya mkanda yalitoa kilo 860. Sasa mkanda ndio unaosubiri mashine.

Siku ya nne ya kazi mkanda ulianza kuteleza kidogo ukiwa na mzigo. Alama za mm 1,004 hazikubadilika, na hazitabadilika, maana urefu ni ule ule. Kilichopungua ni mvuto ndani ya kitambaa, na kwa mkanda mpya hilo ni kawaida. Kwa hiyo kipimo cha kuteleza kimechukuliwa kwa chaki: mstari mmoja kwenye ngoma, mmoja kwenye mkanda. Ngoma inatakiwa kuzunguka mara 19.7 kwa mzunguko mmoja wa mkanda. Tulihesabu 20.5. Skurubu za chini ni M16 zenye hatua ya mm 2 (kila mzunguko unasogeza mm 2), zimekazwa mizunguko miwili na robo kila upande. Chaki ikarudi 19.7, mtupu na wenye mzigo. Kipimo hicho kitarudiwa Jumamosi, kabla mkanda haujafunguliwa kuoshwa.